Uwanja umezungushiwa mabati: nani aliamua, na nyumba zitakuwa za nani?

Mama mmoja wa Lubumbashi ameandika hivi: «Kwenye kartye yetu kuna uwanja wa mpira, na kando yake majengo ya zamani ya serikali. Familia saba za watumishi waliostaafu bado zinaishi humo, ijapokuwa paa zimeoza. Mwezi uliopita tuliamka tukakuta mahali pote pamezungushiwa mabati. Mlinzi anasema jimbo litajenga nyumba za bei nafuu. Tulienda kwa bugumestre, akatujibu kwamba na yeye ameyaona mabati kama sisi. Sasa kuna mtu anapita mlango kwa mlango akiandika majina ya watakaopewa nyumba, na kila jina analipisha. Mume wangu ni mwalimu, tunapanga, na kila mwaka bayeri anaongeza pesa. Nani ana haki ya kuamua juu ya uwanja ule? Na je, niandikishe jina letu?»

Mama, aksanti kwa kuniandikia. Nianze na lile linaloungua: usimpe pesa huyo anayeandika majina. Pesa ya jimbo hailipwi mlangoni. Malipo halali yanaanza na noti ya perseptio, yaani karatasi ya ofisi inayosema ulipe kiasi gani, yanapitia benki, na unabaki na risiti yenye namba. Daftari la mtu anayetembea na kalamu sikioni halimpi mtu nyumba, hata akisema ametumwa na mkubwa gani. Nyumba zenyewe hazina plani iliyoonyeshwa wala bei iliyoandikwa, atagawa nini? Waambie na jirani zako leo hii, maana najua mama muuza mboga anavyoipata pesa kama hiyo, faranga kwa faranga.

Sasa tuje kwenye swali lako kubwa.

Tumekua tukisikia kwamba udongo ni wa serikali. Ni kweli. Jambo hilo lilianza na sheria ya Bakajika ya 1966, kisha likakazwa na sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973, iliyorekebishwa mwaka 1980. Kifungu cha 53 kinasema ardhi ni mali ya serikali peke yake. Wewe, mimi, kampuni, kanisa, sote tunapewa haki ya kuitumia tu, na haki hiyo inaitwa konsesio. Lakini watu wengi wanaishia hapo, na wakubwa wengi wanapenda tuishie hapo. Sheria yenyewe inaendelea. Inaigawa ardhi ya serikali katika mafungu mawili. Kuna ile ambayo serikali inaweza kuitoa kwa watu wakajenga, kama malupangu, yaani viwanja vya nyumba tunavyokaa. Na kuna ile inayotumika kwa ajili ya wote: barabara, shule, hospitali, makaburi, viwanja, ofisi. Kuhusu fungu hili la pili, kifungu cha 55 kinasema wazi kwamba haiwezi kutolewa konsesio maadamu haijaondolewa kwa utaratibu kwenye matumizi yake ya umma. Watu wa ofisini wanaita kitendo hicho dezafektasio.

Neno hilo lishike, Mama. Ndilo mlango wa jambo lote. Kabla gavana, waziri au yeyote hajamkabidhi mjenzi uwanja wenu, lazima iwepo karatasi inayosema: mahali hapa, penye mipaka hii, palikuwa pa matumizi haya ya umma, na kuanzia tarehe hii si pa matumizi hayo tena, kwa sababu hii. Bila karatasi hiyo, hata kama mjenzi ana nia njema na plani nzuri, anajenga juu ya ardhi ambayo hakuna aliyekuwa na uwezo wa kumpa. Na kifungu cha 204 cha sheria ileile kinasema mkataba wa konsesio uliofanywa kinyume cha sheria ni batili.

Swali linalofuata ni nani anatia sahihi, na jibu lake linategemea ukubwa. Mjini, gavana ana uwezo hadi hekta 10. Kati ya hekta 10 na 50, ni waziri wa ardhi, Kinshasa. Kati ya 50 na 100, ni Rais wa Jamhuri, na juu ya hapo ni bunge. Uwanja kamili wa mpira, wenye mita 105 kwa 68, una mita za mraba 7,140. Haufiki hata hekta moja. Hekta 10 ni kama viwanja kumi na vinne vilivyopangwa bega kwa bega. Kwa hiyo kama mahali penu ni uwanja mmoja na majengo yanayokaribia ukubwa huohuo, mpo chini ya hekta moja na nusu, na sahihi ya kutafuta ni ya gavana. Haitakuwa ya mkuu wa kadasta, ofisi ya kupima ardhi, peke yake, wala ya konservatere, mtunza hati za ardhi, wala ya mshauri aliyekuja na gari nyeusi.

Na komini? Hapa ndipo bugumestre wenu, mkuu wa komini, anaponitia wasiwasi zaidi kuliko mabati. Sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 imeifanya komini kuwa chombo chenye utu wa kisheria, chenye mali yake na baraza lake. Madiwani wa komini za miji mikuu ya majimbo walichaguliwa Desemba 2023, kwa mara ya kwanza tangu sheria hiyo itoke. Basi kuna mambo mawili. Ikiwa uwanja uko kwenye mali ya komini yenyewe, hakuna mtu wa kuutoa bila baraza la komini kukaa na kuamua. Ikiwa ni wa serikali kuu au wa jimbo, komini haina sahihi, lakini ina mdomo. Madiwani wanaweza kumwita bugumestre aeleze, na bugumestre anaweza kuandika kwa meya na kwa gavana. Mtu aliyewekwa kutunza komini akisema «nimeona kama ninyi», mjibu kwa heshima: «Baba, basi tuulize pamoja.» Barua yake ina uzito ambao ya kwako haina. Msimwache aseme hajui na mambo yakaishia hapo.

Nisieleweke vibaya. Sikuambii mpinge nyumba. Mji huu unahitaji nyumba kwa uchungu. Nimepima malupangu kwa miaka mingi, kwanza kadasta, baadaye kwenye urbanizimu, ofisi ya mipango ya mji, na nimeona familia ya watu tisa kwenye vyumba viwili, bayeri anadai garanti ya miezi sita wakati sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 imemruhusu mitatu tu kwa nyumba ya kuishi. Ningekuwa na sauti, ningesema mjengewe hata kesho. Lakini nimeona pia neno «bei nafuu» linavyoweza kuingia kwenye uwanja likiwa mtu na kutoka likiwa mtu mwingine.

Nilikuwa kijana bado kazini. Tulitumwa kupima sehemu ya nyuma ya shule moja, mahali watoto walipolima bustani. Tuliambiwa ni kwa ajili ya nyumba za walimu. Nakumbuka mwalimu mkuu mwenyewe alitushikia kamba ya kupimia, alfajiri, suruali imelowa umande mpaka magotini, anacheka. Tulichimba, tukaweka mawe ya mpaka manne, nikaandika vipimo kwenye daftari. Miaka sita baadaye nilipita pale. Nyumba zilikuwepo, nzuri, za ghorofa, na ukuta mrefu wenye vipande vya chupa juu. Moja ya yale mawe yangu ilikuwa nje ya ukuta, imetumiwa kama kiti na mlinzi. Nilimuuliza kama kuna mwalimu anayekaa ndani. Akanijibu kwamba mwalimu mmoja huja, Jumatano na Jumamosi, kuwafundisha watoto wa tajiri Kifaransa. Hakuna aliyeiba kwa bunduki. Nilikwenda kutafuta faili, nikakuta mkataba halisi, sahihi halisi. Kilichokosekana ni sentensi moja tu: hakuna mahali palipoandikwa kwamba nyumba zile ni za walimu. Waliahidiwa kwa mdomo, kwenye mkutano, chini ya mwembe. Mali bila daftari huisha bila habari.

Ndiyo sababu nakuambia, Mama, kwamba swali la «nani ameamua» ni nusu tu. Nusu ya pili ni «ameandika nini». Kwenye karatasi za mradi lazima yaonekane mambo ambayo baadaye hayawezi kugeuzwa kwa maneno: nyumba ni ngapi, ni za watu wa kipato gani, mwezi watalipa kiasi gani, mtu akihama nyumba inarudi kwa nani, na ardhi inabaki ya nani.

Hilo la mwisho ndilo ninalolishikilia kuliko yote, na nitakueleza kwa nini.

Lubumbashi si mji mgeni kwa nyumba za umma. Katuba ilifunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1950, watu wakikopeshwa pesa za kununua vifaa na kujijengea wenyewe. Ruashi ilijengwa na ile ofisi ya wakati wa ukoloni iliyoitwa OCA, iliyoanzishwa mwaka 1952, ambayo pia ilijenga Bagira kule Bukavu. Sisifu wakati ule. Mji ulikuwa umekatwa vipande viwili, na kati ya Wazungu na cité ya Waafrika kukaachwa eneo tupu makusudi ili tusikaribiane. Nyumba nyingi zilitolewa kwa aliyekuwa na kazi na ndoa ya kuandikishwa, wengine wakabaki nje. Lakini nenda leo Ruashi, tazama vile vinyumba vidogo vya matofali vya mpango mmoja, jinsi familia zilivyoongeza chumba mbele, chumba nyuma, duka pembeni. Vimebeba vizazi vitatu. Viliwezekana kwa sababu mjenzi hakununua ardhi na mwenye nyumba alilipa polepole kwa miaka. Hayo mawili, ardhi isiyouzwa na muda mrefu wa kulipa, ndiyo yanayoteremsha bei. Mengine ni rangi ya ukuta.

Baadaye tulifanya nini? Nyumba nyingi za makampuni na za serikali ziliuzwa kwa waliokuwa wakizikaa. Kwa familia zile ilikuwa baraka, na nisingethubutu kuwanyang'anya furaha hiyo. Lakini nyumba ikishauzwa mara moja, inamsaidia mtu mmoja. Mwalimu kijana anayeanza kazi mwaka huu hapati kitu, kwa sababu hakuna kilichobaki cha kumpangisha.

Linganisha na Singapore. Mwaka huohuo wa 1966, sisi tulipopata sheria ya Bakajika, bunge la Singapore lilipitisha sheria iliyoipa serikali yao nguvu ya kuchukua ardhi kwa ajili ya umma. Nchi mbili, mwaka mmoja, wazo linalokaribiana. Wao walikuwa na shirika lao la nyumba tangu 1960, wakaitumia ardhi ile kujenga ghorofa, na wanazitoa kwa miaka 99, ardhi ikibaki ya serikali. Leo karibu watu wanane kati ya kumi wanaishi kwenye nyumba hizo. Sisi tuliandika kwamba udongo wote ni wa serikali, kisha tukaugawa lupangu kwa lupangu kwa aliyewahi ofisini. Sheria haikuwa mbaya. Tuliitumia bila kujiuliza inamlinda nani.

Na chombo cha kufanya hivyo tunacho. Konsesio ya daima hutolewa kwa raia wa Kongo tu, mtu mwenye mwili na damu. Kampuni haiwezi kuipata. Kampuni inapewa konsesio ya kawaida, yenye muda, na ile ya kujenga juu ya ardhi ya serikali ni ya miaka 25 inayoweza kurudiwa. Basi jimbo likitaka, linaweza kumwambia mjenzi: jenga, pangisha kwa bei hii iliyoandikwa, rudisha pesa yako, na muda ukiisha na masharti yamevunjwa, hatukurudishii konsesio. Kinachoharibu ni pale ardhi inapokatwa vipande, kila kipande kikatolewa sertifika, yaani hati ya kuandikishwa ardhi, kwa jina la mtu binafsi, na vipande vikauzwa. Sheria inaichukulia haki iliyomo kwenye sertifika kuwa isiyoshambuliwa. Aliyeonewa mara nyingi hubaki kudai fidia, harudishiwi ardhi. Kwa hiyo wakati wa kusema ni sasa, mabati yakiwa bado mabati.

Umesema mume wako ni mwalimu. Tufanye hesabu pamoja, maana neno «nafuu» bila hesabu ni hewa. Tuseme nyumba moja inagharimu dola 25,000, mnatoa 5,000 mwanzo, zinabaki 20,000. Benki ikiwakopesha kwa riba ya 15 kwa mia, kwa miaka 10, mtalipa karibu dola 323 kila mwezi. Ili malipo hayo yasizidi theluthi moja ya kipato, nyumba nzima inapaswa kuingiza karibu dola 970 kwa mwezi. Wewe unajua mshahara wa mwalimu. Sina haja ya kuendelea. Sasa mkopo uleule wa dola 20,000 ukiwa wa riba ya 5 kwa mia na miaka 20, malipo yanateremka hadi dola 132. Matofali ni yaleyale, paa ni lilelile. Kilichobadilika ni pesa imetoka wapi na kwa muda gani. Kwa hiyo mkiitwa kwenye mkutano na kuonyeshwa picha za rangi zenye miti na magari, ulizeni jambo moja: kwa mwezi ni kiasi gani, na kwa miaka mingapi? Asiyeweza kujibu hilo hajafikia kuwajengea walimu.

Kuna jambo kuhusu uwanja wenyewe ambalo nataka lisikike. Hamlazimiki kuchagua kati ya nyumba na mpira wa watoto. Chukua upande wa majengo yaliyooza peke yake, tuseme mita za mraba 7,000. Toa theluthi kwa ajili ya njia, mifereji na miti. Ukigawa kilichobaki kwa malupangu ya mita 15 kwa 20, unapata familia 15. Ukijenga majengo yenye ngazi nne kuanzia chini, yakifunika chini ya nusu ya kiwanja, nyumba za mita 60 za mraba zinafika zaidi ya 100. Majengo yakipanda, uwanja unabaki. Na uwanja si mahali pa mpira tu. Ni pale mnapofunga hema la kilio, mnapokaa usiku tatu na wafiwa, mnapofanyia ndoa. Familia mia zitakazokuja kukaa ghorofani zitauhitaji kuliko ninyi mnavyouhitaji sasa, maana zenyewe hazitakuwa na ua.

Ila ghorofa ina maswali yake, na mchoraji anayekaa mbali na sisi huyasahau. Mama wa ngazi ya nne atawasha mbabula wapi umeme ukikatika? Tunapika bukari kwa makala, hilo halitabadilika kwa sababu ya arete, karatasi ya amri ya mkubwa. Kama hakuna baraza pana yenye hewa, moshi utaingia chumbani kwa watoto. Maji ya REGIDESO yatapanda kwa nguvu gani? Bila tangi na pampu, wasichana watabeba bidoni ngazi kwa ngazi. Na paa, ngazi na choo cha pamoja, nani atavitengeneza mwaka wa tano? Nimeona majengo imara yakifa kwa bomba moja la maji machafu ambalo kila mtu alisema si lake.

Na udongo. Sikujua uko upande gani wa mji, lakini kama mko kaskazini-magharibi ya kiwanda cha zamani cha kuyeyusha shaba, kule Penga Penga na kandokando yake, sikiliza vizuri. Kiwanda kile kilianza mwaka 1911, na upepo wetu unatoka zaidi kusini-mashariki, kwa hiyo kwa miaka mingi moshi wake ulikwenda upande mmoja. Wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wamekuta kwenye udongo wa huko shaba nyingi, risasi, kadimu na zinki. Uwanja mtupu wa aina hiyo unaweza kuonekana kama bahati, kumbe hakuna aliyepalima kwa sababu hakuoti kitu. Sheria ya mazingira ya tarehe 9 Julai 2011 inataka mradi unaoweza kudhuru mazingira na watu ufanyiwe kwanza uchunguzi wa athari. Ulizeni kama udongo umepimwa. Watoto wadogo hula vumbi wakicheza, risasi haiwatoki.

Kuhusu familia saba, nitakuambia ukweli hata kama unauma. Wengi wao hawana sertifika. Walipewa nyumba kwa kazi, na kazi iliisha. Katiba, kifungu cha 34, inataka fidia ya haki inayolipwa kabla ya mtu kunyang'anywa mali yake kwa manufaa ya umma, na sheria ya tarehe 22 Februari 1977 inaeleza njia yake, lakini ulinzi huo unamsimamia kwanza mwenye hati. Hata hivyo hawana mikono mitupu. Kifungu cha 48 kinatambua haki ya kuwa na makao yenye heshima. Wakusanye leo barua za kuajiriwa, karatasi za mshahara, bili za umeme za SNEL na za maji za REGIDESO, picha ya kila familia mbele ya mlango wake. Waombe jambo moja lililo sawa: orodha yao iwekwe ndani ya uamuzi wenyewe, na haki ya kurudi kwenye nyumba mpya iandikwe kwa majina. Nairobi, kaunti ilipovunja mtaa wake wa zamani wa Pangani ili kujenga upya, wapangaji wa zamani 48 walipewa pesa za kupanga kwingine na ahadi ya nyumba kwenye majengo mapya. Ilichukua mabishano na korti, lakini waliingia kwenye mkataba kabla ya tingatinga. Atakayengoja tingatinga atafukuzwa na vumbi.

Sasa mfanye nini. Andikeni barua, moja, ya kartye nzima. Katiba, kifungu cha 27, inampa kila Mkongomani haki ya kupeleka ombi kwa mamlaka, peke yake au pamoja na wengine, na mamlaka inapaswa kujibu ndani ya miezi mitatu. Iandikeni kwa Kifaransa, kwa sababu ndiyo lugha ya ofisi, lakini kwanza isomeni kwa Kiswahili mbele ya watu ili kila anayetia sahihi ajue anachosema. Msitukane mtu. Msiseme mmeibiwa, maana bado hamjui. Ulizeni tu: namba na tarehe ya uamuzi wa dezafektasio, mkataba na mjenzi ulipatikana kwa njia gani, maana sheria ya soko za umma ya 2010 na ile ya ubia na watu binafsi ya 2018 zote zinataka ushindani, nyumba ni za nani na kwa bei gani, familia saba zitakwenda wapi. Peleka kwa gavana, kopi kwa meya, kwa bugumestre, kwa divisheni ya urbanizimu, na kwa wabunge wa jimbo waliochaguliwa mjini hapa. Wabunge hao wanaweza kumuuliza gavana na mawaziri wake maswali ya maandishi, hata kuunda tume ya kuchunguza. Kila kopi irudi na muhuri wa kupokelewa. Barua isiyo na muhuri ni kama haikuandikwa.

Mkipata jibu na mkaona uamuzi umevunja sheria, tafuteni wakili upesi, msingoje mkutano mwingine. Kabla ya kwenda korti dhidi ya uamuzi wa serikali ni lazima kwanza kumwandikia aliyeutoa aurudie, na muda huo unahesabiwa kwa miezi.

Jina lenu, Mama, mtaliandikisha siku tangazo litakapobandikwa komini, lenye masharti yanayosomeka na lisilo na mtu wa kulipwa mkononi. Siku hiyo uwe wa kwanza kwenye foleni, na barua ya kazi ya mume wako, cheti cha ndoa na risiti zenu za kupanga vikiwa kwenye mfuko mmoja. Anza kuvikusanya.

Na kitu kimoja nakuomba. Kesho asubuhi zunguka mabati yale kwa miguu, hesabu hatua kila upande, uandike. Tazama kama kuna kibao. Kama kipo, nakili namba ya arete na jina la anayetoa kazi, kama kilivyo, na koma zake. Kama hakipo, andika kwamba hakipo, na tarehe. Tafuta pia kwenye kona kama kuna jiwe la zamani la mpaka, la saruji, mara nyingi limefunikwa na majani au mizizi ya mwembe, lenye herufi juu. Niletee hayo. Nikishajua ukubwa na namba, nitakuambia ni meza gani karatasi ile ilipaswa kupita, na kama ilipita.